Fungu la Januari

Ghati mwanangu,

Kuna sauti moja haijanitoka masikioni kwa miaka minne. Ni ya sahani ya bati ikisukumwa kwenye saruji ya baraza. Bila shaka unaikumbuka, ile sahani yenye ua jekundu katikati, iliyobanduka rangi pembeni. Mbwa wetu Januari akimaliza ugali wake alikuwa haiachi. Aliilamba na kuisukuma kwa ulimi, kwaru, kwaru, kutoka kwenye nguzo mpaka mlangoni, na ikigonga mlango alisimama akasubiri kama kuna mtu atakayefungua amwongeze. Wewe ulikuwa unacheka. "Mama, Januari anabisha hodi."

Leo ni Jumapili, mchana. Umekwenda kwa Mama Sabina kunyolewa nywele kama fomu ya shule inavyotaka, na Mama Sabina hanyoi mtu bila kumsimulia habari za Robanda nzima, kwa hiyo nina muda. Mambo ya sabuni, ndoo, shuka, na nani wa kumwona ukiumwa, nimeyaandika kwenye karatasi nyingine. Ipo juu kabisa kwenye tranka lako. Hii nitaiweka chini, ndani ya sweta. Utaikuta ukiwa umeshafika Tarime na mimi nimeshapanda gari la kurudi. Ni woga, ninajua. Wiki hii nimejaribu mara tatu kukuambia kwa mdomo, na mara zote tatu nimeishia kukuuliza kama umekula.

Siku ya mahafali yenu ya darasa la saba nilikuuliza unataka zawadi gani. Ukasema, "Sitaki kitu. Nenda Mbalibali ukachukue mtoto mmoja wa Januari. Nikienda shule utabaki peke yako." Nikasema tutaona. Tangu siku hiyo umeniuliza karibu kila wiki kama nimeshakwenda Mbalibali.

Ghati, Januari hayuko Mbalibali. Hajawahi kufika huko. Alikufa mwezi ule wa sita ulipokuwa kwa bibi yako, nawe ulikuwa na miaka tisa. Salamu zote nilizokuletea kutoka kwake nilizitunga mimi. Kwamba amenenepa, kwamba anawasindikiza ng'ombe mtoni, kwamba amepata watoto watano na mmoja ana soksi nyeupe kama yake. Nilizitunga hapa jikoni nikichambua mboga, na wakati mwingine, Mungu anisamehe, nilifurahia kuzitunga.

Sasa nianze mwanzo, kwa sababu kosa la kwanza lilikuwa langu, na wala halikuhusu kifo chake. Lilihusu siku niliyomchukua.

Unajua kwamba nilikuzaa nikiwa na miaka kumi na tisa, na kwamba ulipotimiza mwaka nilikuacha Nyangoto kwa bibi yako. Miaka mitatu chuoni, miwili ya kufundisha shule za watu huko Mwanza nikisubiri ajira. Nilikuwa ninakuja sikukuu. Nilipopangiwa kituo hapa nikaja kukuchukua, ulikuwa na miaka sita na ulikuwa unaniita Bhoke, kama bibi yako alivyoniita. Yeye ndiye ulimwita mama. Nilipokushika mkono ulinitazama kama mtu anayeshikwa na mgeni kituo cha mabasi.

Mbwa wa bibi yako alikuwa amezaa chini ya ghala. Nikasema nitachukua mmoja twende naye.

Bibi yako alikuwa anapepeta mtama. Hakuinua kichwa. "Bhoke, mtoto hajakuzoea wewe, unamletea mbwa wa kumzoea?"

"Atamtuliza, mama."

"Atamtuliza nani?"

Nikainama kuchungulia chini ya ghala. Akaendelea kupepeta. "Mbwa anataka mtu anayekaa nyumbani. Wewe unakaa?"

"Nimepangiwa kituo, mama. Sasa nitakaa."

"Haya. Lete kuku."

Pale kwetu mtoto wa mbwa hauzwi. Anayemtaka huleta kuku tetea, akaachwa palepale uani, ili mbwa aliyezaa asione amenyang'anywa bure. Nilicheka. Nilikuwa nimesoma chuo kikuu na nilikuwa na haraka ya gari. Nikambeba mtoto wa mbwa kwenye kikapu, sikuacha kuku wala kitu. Siamini kwamba mambo yaliyofuata yalitokana na kuku. Lakini nakumbuka yule mama mbwa alitufuata mpaka barabarani, kwenye vumbi la magari ya mgodi, akasimama. Nikamwambia dereva aongeze mwendo, kwa sababu wewe ulikuwa unamtazama mbwa na bibi yako kwa wakati mmoja, na ulikuwa karibu kulia.

Ulimpa jina Januari kwa kuwa bibi yako alikuahidi atakuja kukuona Januari. Nilielewa maana yake. Ulikuwa unahesabu siku za kuniacha na kurudi kwake. Nilivumilia, nikasubiri mbwa afanye kazi niliyomletea. Na kweli aliifanya. Mara ya kwanza uliponiita mama ilikuwa kwa ajili yake. "Mama, Januari ameingia kwenye unga!" Nilisimama pale mlangoni na unga umemwagika sakafu nzima na sikuweza kumpiga hata kofi.

Januari ikafika, bibi yako akaja, akakaa siku nne, akaondoka, nawe ukabaki.

Kisha mjomba wako Mwita akaja. Duara, lile shimo la dhahabu alilokuwa anachimba na wenzake kule Nyangoto, lilikuwa limejaa maji, na alisikia huku kuna kazi kwenye kambi za watalii. Ninataka uelewe kwamba nilimpenda. Usisome barua hii ukadhani nilikuwa ninamwangalia kwa jicho la pembeni tangu mwanzo. Ni mdogo wangu, nilimbeba mgongoni. Alikuwa ananipikia. Nilikuwa ninarudi shuleni nimechoka, nakuta ugali umefunikwa, wewe umeoga, na yeye amekaa barazani anamfundisha Januari kukaa na kusimama. Katika maisha yangu hakuna mtu mwingine aliyewahi kunifunikia chakula. Kazi za kambi alizisubiri miezi saba, hakupata, na hakulalamika.

Alimsifu sana Januari. Tembo wakiingia kwenye mahindi ya Mama Sabina, Januari alikuwa wa kwanza kupiga kelele. "Huyu ana pua, dada," Mwita alikuwa anasema. "Pua kama hii haifai kulinda kuku." Nilidhani ni maneno tu.

Mwezi wa sita nikaitwa Morogoro kusahihisha mitihani ya taifa, wiki tatu. Shule zimefungwa, wewe nikakupeleka Nyangoto. Nyumba na mbwa nikamwachia Mwita. Bibi yako aliniuliza, "Na yule mbwa?" Nikasema yupo mjomba. Akaguna.

Niliporudi nyumba ilikuwa safi kuliko nilivyoiacha. Juu ya jiko, kwenye waya, kulikuwa na nyama iliyokaushwa, vipande virefu, na paja zima limefunikwa kwa gunia. Sahani ya Januari ilikuwa imeoshwa, imefunikwa kwenye kichanja pamoja na sahani zetu. Niliiona. Macho yangu yaliiona, na sikujiuliza kitu.

"Januari yuko wapi?"

"Ah, dada, alianza kula mayai ya watu. Wangemtegea sumu. Nimempeleka Mbalibali kwa jamaa yangu mmoja, ana ng'ombe wengi, ana uwanja mkubwa. Nilitaka kukupigia, nikasema nisikusumbue na mitihani ya watu."

"Na nyama?"

"Ya ng'ombe. Kulikuwa na harusi Nata."

Mwanangu, mimi nimezaliwa kwenye boma la ng'ombe. Ninaijua nyama ya ng'ombe ikiwa mbichi, ikiwa kavu, ikiwa gizani. Nilijua siyo. Ilikuwa majira ya nyumbu kupita, kila mtu hapa anajua nyama inayopatikana majira hayo. Lakini hapa kijijini jirani hamuulizi mwenzake nyama imetoka wapi, na mtumishi wa serikali ndiye haulizi kabisa. Nikakaa, nikala. Mwita akauliza, "Vipi, dada?" Nikasema tamu.

Uliporudi kutoka kwa bibi nilikueleza habari ya Mbalibali nikiamini. Hiyo ya kwanza sikukudanganya, nilikupa uongo kama nilivyopewa. Ulilia siku mbili. Siku ya tatu ulikula ile nyama, ukasema mjomba analeta nyama nzuri, na kila mfupa uliotoka kwenye sahani zetu uliupangusa ukauweka pembeni. Ulikusanya wiki nzima. Ukaifunga mifupa kwenye mfuko, ukafunga fundo mara mbili, ukampa mjomba wako.

"Mjomba, mpelekee Januari. Mwambie imetoka kwangu."

Mwita aliupokea mfuko ule. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nilimwona. Aliupokea kwa mikono miwili, akaupima uzito kama anayetania, akasema, "Atafurahi sana."

Wiki mbili baadaye nilikutana na Mama Sabina kwenye pampu ya maji. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, mwalimu. Na pole kwa mbwa wako, sikupata nafasi ya kuja kukupa pole."

"Pole ya nini, mama?"

"Si yule aliyepasuliwa na ngiri? Lakini walikutendea haki, mwalimu. Paja zima! Wa kwetu alipofia huko porini mwaka ule sisi tulipewa mbavu tu. Nilimwambia mume wangu, mbona mwalimu kapewa paja? Akasema ah, yule mbwa alikuwa anafanya kazi ya mbwa watatu."

Alicheka. Kisha akanitazama usoni, akaacha kucheka. "Kwani fungu la mbwa wako halikukufikia?"

Huenda hujui fungu la mbwa ni nini, maana nimekuficha mambo mengi ya hapa. Wanaume wakiingia hifadhini kuwinda kwa siri, mbwa huwa na fungu lake katika nyama, na fungu hilo huenda kwa mwenye mbwa hata kama mwenyewe alikuwa amelala nyumbani kwake. Mbwa akifia huko, fungu huongezwa. Hakuna anayedhulumu fungu la mbwa. Wanaume wale, ambao hata majina yao siyajui yote, walinitendea haki kuliko ndugu yangu.

Kwa hiyo tulikula fungu la Januari, mimi na wewe. Ulikula, ukapangusa mifupa, ukamtumia.

Sikumbuki nilivyofika nyumbani. Mwita alikuwa barazani anamenya mihogo.

"Mwita, Januari yuko wapi?"

"Si nilikwambia, dada, yuko—"

"Mwita."

Akaweka kisu chini. "Ilikuwa siku moja tu. Walimwomba. Nilikuwa nimekaa hapa miezi saba ninakula kwako, dada. Nikasema na mimi nilete kitu."

"Na ile mifupa?"

Akaokota ganda la muhogo.

"Mifupa ya Ghati, Mwita."

"Niliwapa mbwa wa watu njiani."

"Ulisema atafurahi sana."

"Ulitaka niseme nini mbele ya mtoto?" Kisha akaniangalia, na nikaona kitu usoni mwake ambacho sikuwahi kukiona, kama mtu aliyechoka kuinamisha kichwa. "Na wewe ulikula, dada. Ulisema tamu. Ulijua siyo ng'ombe. Ulimwacha Ghati kwa mama miaka mitano na hakuna aliyekuuliza. Leo mimi, mbwa mmoja?"

Nilitaka kumpiga. Sikumpiga kwa sababu nilikuwa ninatafuta neno moja la uongo katika maneno yake, na nilikuwa bado sijalipata.

Alikaa wiki moja zaidi, akaondoka kwenda Tarime kuendesha bodaboda. Nawe ukalia tena, ukauliza kwa nini kila mtu anaondoka. Wakati huo ndipo ningekuambia. Nilikuwa nimefungua mdomo. Lakini nyama ile ilikuwa imekaa kwenye waya wa nyumba ya mwalimu, na mtoto wa miaka tisa akijua kitu, darasa zima linajua. Ningepoteza kazi, na mjomba wako angefungwa. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Sababu nyingine ilikuwa ndogo na ya aibu zaidi. Ulikuwa umeanza kuniamini, na Januari ndiye aliyekuleta kwangu. Niliogopa kwamba akifa, utarudi kuniita Bhoke.

Ukauliza, "Januari hajambo?" Nikasema hajambo.

Nimesoma vitabu vingi, Ghati, na nilidhani kusalitiwa ni jambo la mara moja, kama kuvunjika mkono. Kumbe mtu anakukosea siku moja, halafu wewe mwenyewe unaichukua kazi yake na kuiendeleza miaka minne, bila kulazimishwa, tena kwa ustadi kuliko yeye. Mwita aliniambia neno moja, Mbalibali. Uwanja, ng'ombe, mto, watoto watano na soksi nyeupe, vyote nilivijenga mimi. Bado nina hasira naye. Kila ninapomwona anakutania nauona mfuko ule mikononi mwake, na fundo lake mara mbili. Lakini hasira yangu haiwezi kusimama peke yake. Kila ikisimama, naiona ile sahani yangu ya nyama.

Nimewahi kujiuliza kama unajua. Mwaka jana ulinisikiliza nikieleza jinsi Januari alivyomfukuza fisi, na ulikuwa unanitazama mdomoni badala ya machoni. Ukasema, "Ni mzee sasa, atachoka." Kama unajua, basi tumekuwa watu wawili tunaodanganyana kwa adabu ndani ya vyumba viwili, na wewe mtoto ndiye uliyebeba upande mzito.

Jana nilimpigia mjomba wako. Kwenye fomu nimeliandika jina lake kama ndugu wa karibu hapo Tarime, na sitalifuta, kwa sababu ukiugua nataka kuwe na mtu atakayefika haraka, na pikipiki yake hufika. Nilimwambia kwamba nitakuandikia.

"Utaharibu, dada. Ananipenda yule mtoto."

"Ninajua."

"Sasa faida yake nini?"

Akakata simu. Akija kukuona siku ya wazazi kutembelea, mpokee au usimpokee, sitakupangia. Ila usimwache aongee habari nyingine kabla hajakutamkia hii kwa mdomo wake.

Imebaki habari ya mtoto wa mbwa.

Mbwa wa Mama Sabina amezaa, nadhani sasa hivi unapopakwa sabuni kichwani wanacheza miguuni pako. Jana asubuhi, ulipokuwa kwenye mazoezi ya kwaya, nilikwenda pale na kuku tetea mkononi. Ndiyo, safari hii nilibeba kuku. Nilikuwa nimeshamchagua tangu wiki iliyopita, wa kahawia, mguu mmoja wa mbele mweupe. Ningemleta hapa, nikamfunga kamba barazani, nawe ungerudi kutoka kanisani nami ningesema, "Haya, mtoto wa Januari huyo, nimetoka Mbalibali." Ungelala naye siku mbili. Ungeondoka ukijua sibaki peke yangu. Uongo wangu wote ungepata miguu minne na mkia, na hakuna mtu ambaye angeuliza tena.

Wala sikuwa nimekosa sababu nzuri. Sasa ninakaa nyumbani. Siitwi tena Morogoro, ua una uzio, chanjo ya mbwa ingefanyika hapo shuleni mwezi ujao. Kama bibi yako angekuwa hapa na kuniuliza, "Wewe unakaa?" ningemjibu ndiyo bila kumdanganya.

Nilimleta. Nikampa maziwa kwenye sahani ya Januari, maana ndiyo iliyokuwa karibu, nikaingia jikoni kutafuta kamba. Nikamsikia akinywa. Halafu akamaliza, na sahani ikaanza kutembea kwenye saruji. Kwaru, kwaru. Polepole, kwa sababu ulimi wake ni mdogo. Nilisimama na kamba mkononi, na kwa muda mfupi nilifurahi kweli. Niliamini. Nilimwona Januari mzima, na uwanja, na ng'ombe, na mto. Nilikuwa ninakwenda kufungua mlango ndipo nilipotambua kwamba mtu wa kwanza kudanganywa na mbwa huyu ni mimi, na kwamba nimemleta kwa sababu ileile niliyomletea wa kwanza. Kuna mtoto anaondoka mikononi mwangu na nataka mnyama amzuie.

Sahani iligonga mlango. Nilisubiri kidogo. Kisha nikafungua, nikambeba.

Mama Sabina alikuwa bado yuko uani. "Mwalimu! Hata saa haijaisha. Amekuuma?"

"Hapana, mama. Siyo wakati wake."

"Wakati wa nani? Wa mbwa au wako?"

"Wangu."

"Basi chukua kuku wako."

"Kuku mwache."

Akampokea mtoto wa mbwa, akamweka chini karibu na mama yake. Kwa hiyo unapoisoma barua hii, Ghati, hakuna mbwa nyumbani, na hakuna mbwa Mbalibali. Nimemrudisha. Alilia njia nzima, na sikumpa jina.

Mama yako,
Bhoke